Shemasi Bang Aenda Hekaluni

Mtu akitaka kwenda mahali kwa siri, asibebe ndoo ya kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili na kitunguu saumu. Shemasi Bang Malsun alilijua hilo kabla basi halijavuka daraja la kutokea Yeongju, maana dereva alikuwa ameshafungua dirisha lake na kuuliza kwa sauti, "Nani amepanda na kitunguu saumu?"

Malsun akatazama nje kama mtu anayehesabu milima. Ndoo ilikuwa mapajani mwake, imefungwa kwa kitambaa cha waridi, fundo limesimama juu kama masikio ya sungura. Mumewe, mzee Changgyu, akanyoosha kidole na kusema kwa moyo wa kusaidia, "Huyu hapa."

"Ahsante, Baba Okhui," Malsun akamwambia bila kufungua meno. "Kila kitu umesahau, hilo tu ndilo umelikumbuka." Kisha akamgeukia dereva. "Ni zawadi, mwanangu. Napeleka kwa watu."

"Watu gani, mama?"

"Watu wema."

"Basi Mungu awazidishie pua," dereva akasema, akafungua na dirisha la pili.

Malsun hakuweza kumwambia ni watu gani. Alikuwa shemasi kanisani kwao tangu nywele zake zikiwa nyeusi, yeye ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama wazee kila Jumatano, na sasa alikuwa anakwenda kwenye hekalu la Budha. Wenzake aliwaambia kwamba anampeleka mzee kupunga hewa ya bahari. Bahari ilikuwepo, hewa ilikuwepo, na mzee alikuwepo. Hakusema uongo hata nukta.

Mambo yalianza vuli iliyopita. Wazee wa kanisa walipelekwa pwani ya Uljin kula kaa. Basi liliposimama bandarini, Changgyu, ambaye akili yake ilikuwa imeshaanza kuvuja kama paa la zamani, akaomba kwenda kujisaidia. Choo kile kilikuwa na milango miwili. Akaingia kwa mmoja, akatoka kwa wa pili, na ule wa pili ukamtoa duniani. Walimtafuta hadi giza, wakamtafuta asubuhi, na wavuvi wakachungulia katikati ya mawe kwa namna ambayo Malsun hapendi kuikumbuka. Jioni yake simu ikalia. Mzee yupo, mzima, amevaa soksi za kijivu zisizo zake, yuko kwa watawa wa Mulsori, hekalu dogo juu ya mwamba, mbali na bandari. Mume wa Okhui, binti yao, ndiye aliyekwenda kumchukua kwa gari. Malsun alikuwa kitandani, ameugua kwa hofu.

Kanisani alisimama akashuhudia kwamba mumewe amehifadhiwa na watu wema wa pwani. Watu wakasema amina. Habari za nywele za watu wema hao, kwamba hakuna hata mmoja wao mwenye unywele kichwani, hakuzigusa.

Moyoni aliahidi kwenda kushukuru. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Shukrani ni kama kabichi: ukiichelewesha haiozi, inachacha, na kadiri inavyochacha ndivyo harufu yake inavyokufuata hadi chumbani. Pengine ingemfuata hivyo hivyo hadi kaburini, lau mzee asingeanza kukataa chakula.

Hakukataa kwa ugomvi. Alikuwa anaketi mezani vizuri, anatazama wali, anatazama viganja vyake, kisha anasukuma bakuli polepole kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba isiyo yake. "Ahsanteni," anasema. "Kuleni wenyewe." Malsun akampikia samaki wa kuchoma, akampikia kuku na mizizi ya dawa, akampikia uji wa ufuta. Akamlisha kwa kijiko, huku akifungua mdomo wake mwenyewe kama mfano, kama alivyomlisha Okhui miaka hamsini nyuma. Mzee alimeza vijiko viwili kwa huruma, basi. Daktari alitazama tumbo, akatazama koo, akatazama meno, akasema kila kitu kipo mahali pake.

"Isipokuwa chakula," Malsun akasema.

Mkanda wa mzee ukatobolewa tundu jipya, halafu jipya jingine. Shingo yake ikawa inazunguka ndani ya kola kama kijiti ndani ya chupa. Malsun alikuwa anaamka usiku kusikiliza kama anapumua. Hapo ndipo mkwe wake alipokumbuka jambo, kama wanavyokumbuka wanaume, yaani baada ya miezi.

"Mama, kule hekaluni nilimkuta anakula bakuli la tatu. Nilimsubiri amalize ndipo tukaondoka."

"La tatu? La nini?"

"Sikuangalia."

"Hukuangalia! Macho umepewa ya kutazama mpira tu?"

Kwa hiyo Malsun alipanda basi akiwa na sababu mbili, moja ya mdomoni na moja ya moyoni. Ya mdomoni ilikuwa kushukuru. Ya moyoni ilikuwa kujua walimpikia nini, ili mumewe asimfie mezani mbele ya wali wa moto.

*

Hekalu la Mulsori haliko juu kama mahekalu mengine, liko chini. Unashuka kutoka barabarani katikati ya misonobari mpaka unadhani unakwenda kuogelea, kisha unaona paa la vigae limekaa juu ya mwamba kama kuku aliyeatamia, na bahari inapigapiga chini yake. Malsun alishuka na ndoo mkono mmoja na mume mkono wa pili, akimwambia kila hatua, "Taratibu, Baba Okhui. Hapo pana jiwe. Hapo pana mzizi. Hapo hapana kitu lakini taratibu."

Getini palikuwa na Gwaneum wa jiwe, yule mwenye huruma wanayemwomba Wabudha, mrefu kuliko mlango, uso wake wa upole umeelekea baharini. Malsun alimpita kama mtu anavyompita jirani waliyenuniana naye, macho mbele, shingo imekakamaa. Aliposikia mkono wa mumewe umemponyoka akageuka, na nini alichokiona? Changgyu amesimama mbele ya lile jiwe, viganja vimekutana kifuani, anainama hadi kiunoni.

"Baba Okhui! Acha!"

"Mwenye nyumba huyu," mzee akasema. "Hatuwezi kupita bila hodi."

Malsun akatazama huku na huku kama kuna mtu wa kanisani nyuma ya msonobari. Hapakuwa na mtu. Uani tu palikuwa na mtu mmoja mnene, kavaa kofia ya majani na viatu vya mpira, mikono ya nguo imekunjwa hadi viwikoni, anaosha figili ndefu nyeupe kwenye beseni.

"Kaka," Malsun akamwita, "nitamwona wapi mkubwa wa hapa?"

"Mkubwa hayupo," yule mtu akajibu kwa sauti nzito, bila kuinua kichwa. "Yupo aliyeachiwa figili."

"Na wewe ni nani?"

"Niliyeachiwa figili." Akavua kofia ajifute jasho, na chini ya kofia palikuwa na kichwa kilichonyolewa kikang'aa, na chini ya kichwa uso wa kike uliojaa mikunjo ya kucheka. "Lakini hilo la kaka nimelipenda. Tangu nizaliwe sijapata dada mdogo."

Huyo alikuwa mtawa Dojin. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na aliliendesha hekalu lile pamoja na watawa wengine wawili, ambao siku hiyo walikwenda mjini kuzika. Malsun akaungua masikio. Watu wote humwita mtawa "Sunim", lakini neno hilo lina heshima ndani yake, na shemasi alichelea heshima hiyo isije ikaandikwa mahali. "Dada" lilikuwa dogo, "mama" lilikuwa kubwa. Akabaki anakohoa.

Dojin hakungoja jina. Alikuwa ameshamwona aliyesimama nyuma. "Ee! Si fundi wetu wa ua huyu? Babu, umerudi! Mbona umekonda hivi? Umeolewa wapi ambako hawapiki?"

"Ameolewa kwangu," Malsun akasema.

"Kumbe! Samahani."

"Usiombe samahani. Ndicho kilichonileta." Akapiga magoti kwenye mkeka wa barazani, akaweka ndoo mbele yake, akanyoosha mgongo, na kutoa maneno aliyoyakariri tangu Yeongju. "Mimi ni mke wake. Vuli iliyopita mlimpokea, mkamvika, mkamlisha. Nimechelewa nusu mwaka kuja kusema ahsante. Sikuwa na sababu nzuri, nilikuwa na sababu mbaya. Nimeleta hii kimchi. Nimeitia chumvi mwenyewe."

Dojin naye akapiga magoti, mikono bado inachuruzika maji. "Shukrani umeshaitoa, Mama. Kutoka Yeongju, na mabasi yale, na ndoo ile? Imefika kabla yako. Tumeisikia kutoka barabarani."

"Umesikia nini?"

"Harufu." Akafungua fundo, akanusa, akafumba macho kwa uchungu. "Lo, imechacha vizuri. Ina kitunguu saumu?"

"Kimchi bila kitunguu saumu ni kabichi iliyonyeshewa."

"Na uduvi?"

"Uduvi wa chumvi, wa mwaka mzima! Na dagaa nimewachemsha wakawa mchuzi."

Dojin akafunga kitambaa polepole, kama anavyofunikwa mtoto aliyelala. "Mama yangu. Watawa hatuli kitunguu cha aina yoyote. Na hao uduvi, kila mmoja ana mama yake."

Kila mtu nchini mwao anajua hilo. Malsun mwenyewe alilijua. Alikuwa amelisikia mara mia. Lakini mkono ukikoroga pilipili kwa shukrani unaenda wenyewe kwenye kitunguu saumu, na hakuna anayeuliza mkono. Aliona aibu mpaka miguuni. Nusu mwaka amechelewa, na alipofika kaleta kisicholika.

"Usijali," Dojin akasema. "Akina mama wanaoanika mwani hapo chini hutuletea mwani kila mwaka wakikataa hata chai. Nimekosa cha kuwarudishia miaka yote. Leo nimepata." Akasimama ukingoni, akaita kwa sauti ya kutisha samaki, "Mama Pilsu! Njoo uchukue dhambi!" Mwanamke mmoja aliyefunga taulo kichwani akapanda, akanusa, akaikumbatia ile ndoo kama mjukuu, akashuka nayo akiimba.

*

Walipobaki watatu, Malsun akaitoa ile ya moyoni. "Niambie kitu kimoja. Mlimpikia nini?"

"Lini?"

"Alipokuwa hapa. Alikula bakuli tatu. Kwangu hali. Nimepika kila kitu kilichowahi kuwa hai na kila kitu kilichowahi kuota. Anasukuma. Kama kuna mzizi mnatia, niambie hata kama umetoka kwa Budha mwenyewe, nitautia na nitajua cha kusema mbinguni."

Dojin akajikuna kichwa chake kitupu. "Wali. Supu ya maharage ya kuchachusha. Mwani. Figili."

"Basi?"

"Tulikuwa na tofu siku ya pili, lakini ilikuwa imeungua."

Macho ya Malsun yakajaa. Alikuwa amekuja kutafuta dawa, na dawa ilikuwa ni tofu ya kuungua.

"Lakini siku ya kwanza hakula," Dojin akasema, kama mtu anayekumbuka huku anatembea. "Alifika jioni, kalowa. Tukamwekea chakula. Akatazama mikono yake hivi, akasema 'ahsanteni, kuleni wenyewe'."

"Ndivyo! Ndivyo anavyosema!"

"Tukadhani kachoka. Asubuhi nikatoka, nikamkuta na ufagio. Amefagia kuanzia getini hadi mwambani, sindano zote za misonobari kazirundika pembeni, rundo kama kaburi la mfalme. Tulipoketi kula, akaja mwenyewe akaketi, akala kama moto." Akamtazama Malsun. "Nyumbani asubuhi anafanya nini?"

"Afanye nini? Mgonjwa yule! Hata viatu namfunga mimi. Ua naufagia kabla hajaamka, asije akateleza. Moto nawasha mimi, maji nachota mimi. Sijamwacha anyanyue hata kikombe."

"Sasa nikupe hadithi ya kwetu," Dojin akasema, akachukua figili na kuendelea kuosha. "Zamani palikuwa na mtawa mzee sana, mwalimu wa watawa. Kila siku alikwenda shambani na wanafunzi wake. Wakamwonea huruma, wakalificha jembe lake ili apumzike. Mzee akalitafuta, akalikosa, akaingia chumbani. Chakula kikaja, hakula. Kesho yake, hakula. Akawaambia, siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chakula. Wakamrudishia jembe mbio mbio."

"Hayo hata kwetu yanahubiriwa!" Malsun akaruka. "Asiyefanya kazi na asile! Mchungaji alihubiri majuzi tu. Huyo mzee wenu ameiba kwetu!"

"Au mmeiba kwetu."

"Haiwezekani."

"Basi tuseme wote tumeiba kwa mkulima fulani mwenye njaa. Lakini Mama," na hapo Dojin akaacha kuosha, "wewe umeficha jembe la nani?"

Akilini Malsun alimwona baba mkwe wake, marehemu, mzee mkali wa mashamba ya matufaha, akimpiga Changgyu kwa vijiti vya kulia chakula kwenye viganja kila alipokuja mezani navyo vikiwa safi. "Mikono hii inakula kwa kazi ipi?" Changgyu alikuwa amesahau jina la binti yake, amesahau kwamba shamba limeuzwa, lakini viganja havikuwa vimesahau. Kila siku alivitazama mezani, akaviona safi, akasukuma bakuli. Na aliyevisafisha kwa taulo la uvuguvugu, kila asubuhi, kwa mapenzi, ni nani?

Dojin alikuwa ameshamkabidhi mzee ufagio. Changgyu aliushika, akautazama juu hadi chini, akaugonga chini mara moja kuona kama mpini umekaza. Kisha akaelekea mwambani, kule ambako ukuta ni wa kufika magotini na baada ya ukuta ni bahari.

Malsun alikuwa ameshafika kabla hajajua amesimama. "Baba Okhui, lete hapa, utaanguka!" Mkono wake ukanyakua ufagio. Mzee akauachia bila kubisha. Akatazama viganja vyake.

Nyuma yao Dojin akasafisha koo. Ilikuwa sauti ndogo tu.

Malsun alisimama pale na ufagio kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Mawimbi yalipiga chini, na kila pigo lilimwambia asimpe. Akampa. Vidole vilikataa kuachia, akavifungua kimoja kimoja, akarudi barazani akakalia mikono yake ili isitoroke.

"Vizuri," Dojin akasema, akamsukumia kapu. "Na wewe je? Hapa hekaluni hakuna mgeni asiye na kazi. Mwani huu toa shina lote gumu, au mchana utatutazama sisi tukila."

"Mimi nimekuja kushukuru!"

"Shukuru kwa mikono. Mdomo umefanya zamu yake."

Basi shemasi wa kanisa akakaa kwenye baraza la Budha akichambua mwani, na kila shina alilovunja aliinua macho. Changgyu alikuwa anafagia ukingoni. Mara aliinama, na moyo wa Malsun ukainama naye. Mara alisimama akitazama bahari muda mrefu mno. "Anataka kuruka," Malsun akanong'ona. "Anapumzika," Dojin akasema. "Hujawahi kumwona mtu akipumzika?" Na kweli, kwa muda mrefu hakuwa amewahi. Aliyemwona nyumbani hakuwa anapumzika, alikuwa anangoja.

Ua ulipokwisha, mzee alirudi akasimamisha ufagio ukutani, kichwa juu ili nyuzi zisipinde. Kwa hilo hakuelekezwa na mtu.

*

Wakaketi, kila mmoja na mabakuli yake ya mbao. Dojin akapiga kipande cha mwanzi kwenye kiganja, paa, paa, paa, na kimya kikashuka. Malsun alikuwa na sala ndefu ya chakula, inayoanzia uumbaji na kupita kwa wagonjwa wote wa mtaa wao. Aliifupisha ikawa pumzi moja, kwa sababu jicho lake lilikuwa kwenye bakuli la mumewe.

Changgyu alitazama viganja vyake. Vilikuwa na utomvu wa msonobari na vumbi kwenye mistari. Akavigeuza. Akaridhika. Akachukua kijiko.

Alikula wali. Alikula supu, akaipuliza. Alitafuna figili kwa kelele iliyojaza chumba kizima, na Malsun hakuwahi kusikia kwaya iliyomgusa hivyo. Akanyoosha bakuli, Dojin akaongeza. Akanyoosha tena. Machozi ya Malsun yalikuwa yanadondokea ndani ya supu yake, akainywa hivyo hivyo, na chumvi ilikuwa barabara.

Mwisho Dojin akamimina maji ya uvuguvugu kwenye kila bakuli. Mzee akachukua kipande cha figili alichokibakiza, akakisugulia bakuli kama sifongo, akakitafuna, kisha akayanywa yale maji na makombo yake yote. Malsun akayatazama yake. Ndani palikuwa na jani moja la mwani likielea kama mtu aliyekata tamaa.

"Kunywa," mumewe akamwambia kwa kunong'ona. Ilikuwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi amwambie jambo bila kuulizwa. "Wewe ni mgeni, utazoea. Usituaibishe mbele ya wenyeji."

Akanywa. Mabaya yalikuwa, lakini amewahi kunywa mabaya zaidi harusini.

"Ahsante, Sunim," akamwambia Dojin, na neno lilikuwa limeshatoka, halikuuma popote. "Ahsante, Sunim," akarudia, kwa kuwa alikuwa na deni la nusu mwaka.

Dojin alipowasindikiza njia ya kupanda, Malsun alisimama chini ya msonobari wa mwisho. "Pale getini siwezi kuinama," akasema. "Unanielewa. Lakini nitakuombea."

"Kwa nani?"

"Kwa ninayemjua mimi."

"Msalimie," Dojin akasema. "Na mimi nitakuombea kwa ninayemjua mimi."

Malsun akafikiri kidogo. "Omba tu. Ila kwa sauti ya chini, mchungaji wetu ana masikio."

Yule mtawa alicheka hadi ndege wakaruka kutoka kwenye paa, na basi lilipofika bado walikuwa wanamsikia.

*

Kesho yake asubuhi, nyumbani Yeongju, mkono wa Malsun ukaamka kabla yake. Alipokuja kushtuka, ameshaufagia ua, mweupe, safi, hauna hata unyoya. Mzee akatoka, akauchukua ufagio, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaurudisha. Mezani akatazama viganja. "Ahsanteni. Kuleni wenyewe."

Malsun akajipiga paji la uso. Ilikuwa Aprili, miti imevaa majani mapya na haikuwa na la kudondosha. Akachukua gunia akapanda nyuma ya kanisa, kwenye mialoni, ambako majani ya mwaka jana hulala mpaka majira ya joto. Akashindilia gunia kwa goti na kuliburuta barabara nzima, akiwajibu waliomwuliza kwamba ni mbolea.

Alfajiri iliyofuata, Mama Gilnam wa jirani alichungulia juu ya ukuta akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu wahamie mtaa ule. Shemasi Bang, ambaye watu waliona haya kutema mate mbele ya nyumba yake, yuko uani na nguo ya kulalia, anamwaga majani kwa mikono miwili, anayatawanya kama mtu anayelisha kuku, mengine anayachokonoa chini ya ngazi ili yawe magumu kuyatoa.

"Shemasi! Umepatwa na nini?"

"Shii! Nimepona."

"Umepona nini?"

"Ingia ndani, Mama Gilnam, utamwamsha. Na kama una maganda ya karanga, yatupe huku, usione haya."

Akakimbilia jikoni, akafunga mlango, akabakiza upenyo wa jicho moja. Changgyu akatoka. Akasimama ngazini. Akautazama ua kuanzia ukuta hadi ukuta, na uso wake, uliokuwa umelala miezi yote ile, ukakunjamana kwa hasira nzuri ya mtu mwenye kazi.

"Hivi!" akasema kwa sauti ya mtaa mzima. "Nyumba hii haina mwanamke? Mke wa hapa ni mchafu, sijapata kuona!"

Akakunja mikono ya nguo, akaushika ufagio, akaanzia chini ya ngazi.

Nyuma ya mlango, Malsun alikuwa ameziba mdomo kwa aproni. Tangu azaliwe hakuwahi kuitwa mchafu na mtu yeyote, na mtu mwingine angemwita hivyo angemtoa meno. Akashukuru, kwa jina la anayemjua yeye, na kwa kuwa alikuwa na nafasi, akashukuru kidogo na upande wa pili. Kisha akapakua wali, bakuli likafura juu kama kilima, akaweka na kijiko pembeni, akangoja aje na mikono michafu.